Njule na Heroe

Njule na heroe ni viumbe wawili wa pwani ya Bagamoyo, mmoja mnyama mdogo wa msituni, wa pili ndege mrefu wa majini, ambao, pamoja na hitilafu kubwa iliyo baina ya maumbile yao, hukutana katika mambo mawili: kila mmoja ana pua au mdomo ulioumbwa mahsusi kwa namna moja ya kuchuma riziki, na aghalabu kila mmoja hulea mtoto mmoja kwa wakati.

Njule, ambaye wataalamu humwita Rhynchocyon petersi, maskani yake ni misitu ya pwani kama Zaraninge, iliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na Pugu karibu na Dar es Salaam. Yuko pia Unguja na Mafia. Uzito wake ni takriban nusu kilo, naye ni mwekundu mbele na mweusi kiunoni. Asiyemjua humdhania panya, au mmoja wa wale wanyama wa mfuko wa Australia na Amerika, ilhali Afrika haina mnyama wa mfuko hata mmoja, na nasaba ya njule ni ya tembo, pimbi na nguva. Mchana hupekua majani makavu kwa pua yake ndefu ipindikayo huku na huku, akiokota mchwa, mende na buibui. Akishtuka, huyapiga majani kwa mkia na kutoka mbio.

Heroe mkubwa hufikia kimo cha mita 1.5, lakini uzito wake ni kilo 2 hadi 4 tu. Katika majaruba ya chumvi ya Saadani hukanyagakanyaga tope, kisha huinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini, na ulimi ukavuta maji na kuyatoa, vijidudu na mwani vikibaki katika vichujio vya mdomo; chakula hicho ndicho kimpacho rangi ya waridi. Nduguye, heroe mdogo, huja hapo kula tu, kwani katika Afrika Mashariki huatamia Ziwa Natron, yai moja juu ya kichuguu cha tope.

Hivyo, jaruba likikauka heroe huruka kwenda kwingine. Bali njule, msitu wake ukifyekwa kwa ajili ya mkaa na mashamba, hana njia ya kuvuka mbuga kuufikia mwingine, na kwa sababu hiyo ndiye mwenye haja zaidi ya kuhifadhiwa pale pale alipo.