Maji na Mawese: Historia Fupi kutoka Kizuka

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kuwa historia ya mawese katika Kizuka na mwambao wa Rumonge, nchini Burundi, ni historia ya maji pia.

Darasani tunafundisha kuwa mawese ni mafuta ya mchikichi, basi. Lakini mafuta hayo hayapatikani bila maji. Machikichi huchemshwa ili yalainike, hutwangwa na kukamuliwa, kisha kinachotoka huchemshwa tena na maji mpaka mafuta yaelee na kuenguliwa. Hubaki maji machafu yenye makapi. Yakimwagwa kijitoni, huwanyima samaki hewa na kumharibia maji jirani aliye chini.

Mashamba haya yana kumbukumbu chungu. Mwaka 1972 wakazi wengi wa mwambao huu walikimbilia Tanzania kuokoa maisha, na ardhi za wengi zikachukuliwa na wengine. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 wengi walirejea. Swali likawa: shamba ni la nani? Sisi tunaongeza: na maji yake je?

Tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulihifadhi Ziwa Tanganyika. Kwa maoni yetu, hifadhi hiyo huanzia kwenye pipa la kuchemshia: maji machafu yatuamishwe shimoni, mafuta yaliyosalia yaenguliwe, tope lirudi shambani kama mbolea.

Walimu wenzetu, mkilifundisha neno "mawese", waulizeni wanafunzi: maji yake yalikwenda wapi?