Kufunga mikro katika muchezo wa intaneti: inafanya nini, inakinga nini

Kufunga mikro ni kuzuia sauti yako isifike kwa wachezaji wengine wakati munacheza pamoja kwa njia ya intaneti. Muchezo hausimame. Wewe unawasikia wenzako, lakini wao hawakusikii.

Kusemezana wakati wa kucheza kulienea sana tangu Novemba 2002, Microsoft ilipoanzisha Xbox Live pamoja na mikro ya kuvaa kichwani. Leo, katika muji wa Likasi na kando ya ziwa Tshangalele kule mtandao unafika, telefone peke yake inatosha. Katika Free Fire, muchezo uliotoka mwaka 2017, watu hadi 50 wanashuka kwenye kisiwa kimoja, na kundi la watu 4 linaweza kupanga vita kwa sauti.

Alama mbili, kazi mbili

Alama ya mikro inahusu sauti yako inayotoka. Alama ya spika inahusu sauti za wengine zinazoingia. Wengi wanazichanganya. Ukifunga mikro, matusi ya mwingine bado yatakufikia. Kwa hayo, unapaswa kunyamazisha mutu huyo ku orodha ya wachezaji, ao kufunga spika.

Michezo fulani ina njia ya tatu: kubonyeza ndipo useme. Wazee waliotumia fonia wanaijua: unakamata kifungo, unasema, unaachilia, kisha unasikiliza.

Lupangu yote inasikika

Mikro haichague. Inabeba sauti ya muchezaji, na tena kelele ya jenereta, mutoto anayelia na wakubwa wanaogombana. Njo maana wenzake wanalalamika: hawasikie tena hatua za adui.

Lakini hatari kubwa iko mahali pengine. Mama anaweza kuwa anataja kwa sauti kode ya siri ya M-Pesa ao Airtel Money. Mutoto anaweza kuitwa kwa jina lake lote, ao kuulizwa juu ya shule yake. Ukicheza na watu wa kuchaguliwa na muchezo wenyewe, haujui nani anasikiliza, wala kama anarekodi. Na neno lililotoka haliwezi kurudishwa.

Kuhakikisha kama imefungwa

Ku telefone za Android 12 (2021) na zilizofuata, kitone cha kijani kinatokea juu ya ekra wakati programu inatumia mikro. Ku iPhone, tangu iOS 14 (2020), kitone ni cha rangi ya machungwa. Kwa kufunga kabisa, ingia ku Paramètres, tafuta jina la muchezo, ukatae ruhusa ya mikro. Hapo hata mutoto akigusa alama bila kujua, sauti haitoke.

Kufunga mikro hakumaanishe kuacha kundi. Michezo mingi ina ujumbe mufupi uliokwisha kuandikwa, na alama za kuweka kwenye karte ili kuonyesha adui ao silaha. Ila ni vizuri kuwaambia wenzako mapema, wasifikiri umewazarau. Na kwa muzazi, ulizo moja linatosha kabla ya kutaja kode ndani ya nyumba: "Mikro iko wazi?"