Ajali ya bodaboda: nani mwenye kosa, na faini inakuhusu vipi wewe uliyeumia?

Tuseme umepanda bodaboda asubuhi kwenda kazini. Gari dogo linalokuja upande wa pili linakata kulia ghafla kuingia kituo cha mafuta, na mnaligonga ubavuni. Trafiki anafika, anakagua, anamwandikia faini dereva wa bodaboda kwa sababu hana leseni na wewe hukuvaa kofia ngumu. Mwenye gari anasema, "Mmeona wenyewe, kosa ni la bodaboda." Watu wanatawanyika wakiamini kesi imekwisha.

Haijaisha. Kukosa leseni ni kosa la barabarani, na faini yake ni halali. Lakini leseni haikukata kulia mbele ya mtu mwenye haki ya kupita. Faini inaadhibu kosa lililotajwa kwenye karatasi, basi. Aliyesababisha ajali hujulikana kwa upelelezi wa polisi, na kukiwa na ubishi, mahakamani. Ukurasa huu unaeleza utaratibu wa Tanzania, kwa ajili yako uliyeumia, uwe dereva au abiria.

Tiba kwanza

Baada ya ajali mwili hujaa msisimko, na maumivu yanaweza kuchelewa. Ndiyo maana mtu anasimama, anajipangusa vumbi, anasema "mimi nipo sawa", kisha jioni analetwa hospitali hajitambui. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, au tumboni wengu ukipasuka, bila jeraha kubwa kuonekana nje. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Rudi haraka ukiona kichwa kinazidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja, au tumbo kuuma na kuwa gumu.

Ukiwa unamsaidia aliyeanguka, usimvute wala kumkalisha isipokuwa mahali pale ni pa hatari. Kofia ngumu usiivue kama anapumua vizuri. Namba ya dharura ni 112.

Ukiulizwa na askari au mtu yeyote barabarani kama umeumia, usiseme hujaumia. Sema, "Sijapimwa bado." Maneno hayo mawili ni ya kweli, na hayatakurudia baadaye.

PF3 ni nini?

Ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha yako. Maelekezo ya serikali ni kwamba majeruhi aliye katika hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. Ndugu mmoja anaweza kwenda kituoni kuichukua wakati wewe unahudumiwa. Hakikisha daktari ameandika kila kiungo kinachouma, hata kama ni goti tu, maana kisichoandikwa ni vigumu kukidai. Kabla fomu haijarudi polisi, itoe nakala au ipige picha kwa simu. Tunasisitiza hili kwa sababu fomu hupotea, na anayehangaika huwa ni mgonjwa mwenye magongo.

Kulipa faini kuna maana gani?

Karatasi ya faini ya papo kwa papo inakupa njia mbili: kukubali kosa na kulipa, au kukataa na kupelekwa mahakamani. Ukilipa, umekubali kosa lililoandikwa pale. Kwa hiyo soma kabla ya kukubali. "Kutovaa kofia ngumu" ni jambo moja. "Kuendesha kwa uzembe na kusababisha ajali" ni jambo jingine kabisa. Kama dereva ameumia kiasi cha kushindwa kusoma, asikubali chochote akiwa bado amelala chini.

Lawama zinaweza pia kugawanywa. Mwendo wa pikipiki ulikuwa mkubwa, na gari lilikata bila kuangalia: wote wawili wana sehemu yao, na fidia hupunguzwa kulingana na sehemu ya mdai. Abiria uliyekaa nyuma hukushika usukani, kwa hiyo kwa kawaida husababishi ajali. Hata hivyo, kama umeumia kichwa bila kofia, tegemea hoja hiyo kuletwa dhidi yako. Na kiafya hoja ina uzito: mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka mwaka 2008 yalikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mazoea ya kusema "bodaboda ndio wenye makosa siku zote" yasikukatishe tamaa. Wapo waendeshaji wazembe, hatukatai. Lakini hata Marekani, Harry Hurt na wenzake walipochunguza ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles, katika ripoti ya mwaka 1981, walikuta kwamba pale pikipiki ilipogongana na gari, karibu theluthi mbili ya ajali zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki.

"Tumalizane hapahapa"

Hapa ndipo wengi huumia mara ya pili. Mwenye gari anatoa shilingi elfu hamsini, vijana wa kijiweni wanashauri mpokee, polisi hawaitwi. Wiki ya pili picha ya eksirei inaonyesha nyonga imevunjika na inahitaji upasuaji, na namba ya simu uliyopewa haipatikani. Kama ni lazima upokee pesa, andikeni kuwa ni za matibabu ya awali tu, mtie saini wote, na ajali iripotiwe vilevile.

Kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima, angalau ile tunayoiita bima ndogo, na hiyo ndiyo huwalipa watu wengine walioumizwa na chombo hicho. Kwa hiyo piga picha ya namba za vyombo vyote viwili, stika za bima, alama za breki na mahali vilipoangukia kabla havijasogezwa. Chukua namba za mashahidi wawili. Baadaye kampuni ya bima itahitaji PF3, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa chombo (PF 93) na ripoti ya mwisho ya polisi (PF 90), ambayo ndiyo hueleza nani alionekana kuwa na kosa. Ukiona bima wanakuzungusha, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kesi ya madai inatakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Mfupa uliounganishwa kwa chuma unaweza kuchukua mwaka mzima wa kliniki, kwa hiyo tunza kila risiti, hata ya nauli ya bajaji ya kwenda kubadilisha bandeji.