Waya Mfupi Uliowasumbua Mafundi

Tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na Kigongo ikaungana na Busisi. Data, hata hivyo, ilikuwa imevuka ghuba muda mrefu kabla ya daraja. Sengerema mjini, upande wa Busisi, kituo cha mawasiliano cha jamii kilianzishwa mwaka 2001, enzi ambayo intaneti ya Tanzania ilipanda kwenye setilaiti ndipo ishuke.

Ofisi iliyokodi laini maalumu miaka hiyo iliwekewa modemu. Kutoka hapo hadi kwenye ruta palibaki mita chache tu, na hizo ndizo zilizowatoa mafundi jasho.

Waya uliozoeleka ulifuata kanuni ya V.35, iliyopitishwa mwaka 1968 kwa modemu za biti 48,000 kwa sekunde. Plagi yake ilikuwa nene, yenye nafasi za pini 34. Kanuni yenyewe ilifutwa mwaka 1988, lakini waya uliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Upande wa ruta mambo hayakuwa mepesi zaidi: ruta za Cisco za zamani zilikuwa na tundu la pini 60, zilizofuata zikaja na la pini 26. Kisha lilibaki swali zito kuliko yote: nani anatoa mapigo ya saa? Kwenye laini ya kukodi, modemu ndiyo hupiga na ruta hufuata, hivyo ruta huhitaji waya wa DTE (kifaa kinachofuata saa), wenye plagi dume. Wa DCE (kifaa kinachopiga saa) ni jike, na kazi yake kubwa ilikuwa darasani, kuunganisha ruta mbili moja kwa moja.

Ikaja laini ya E1, ya biti 2,048,000 kwa sekunde. Marekani ilishika T1 ya 1,544,000. Hapa mtego ulikuwa machoni. Plagi ya E1 hufanana kabisa na ya mtandao wa kompyuta, ila hutumia pini 1, 2, 4 na 5, wakati Ethernet ya kawaida ya megabiti 100 hutumia 1, 2, 3 na 6. Waya wa kompyuta wa kukingamisha (crossover) uliingia vizuri tunduni, laini ikabaki kimya.

Julai 2009 kebo ya baharini ya Seacom ilianza kutoa huduma Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambaza faiba mikoani. Pini zikaondoka, rangi zikachukua nafasi. Plagi ya kijani ya faiba imekatwa mshazari wa nyuzi 8, ya buluu haina mshazari huo. Zikilazimishwa kukutana, mwanga hupotea, na ncha zenyewe zinaweza kuharibika.