Bibi na Katuni Zetu

Bibi yetu husema yeye hakutazama televisheni, aliichungulia. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi miaka ya 1970, wakati Bara iliingoja mpaka miaka ya 1990, lakini si kila nyumba ilikuwa nayo. Bibi, biarusi mpya wakati huo, alitumwa kuwaita watoto waliojazana dirishani kwa jirani baada ya chuoni. Akanogewa, akasimama nao mpaka adhana ya magharibi ikawatawanya wote.

Mama yetu alikulia na Tom and Jerry kwenye kanda za video. Paka na panya wale hawana maneno mengi, basi Bibi alikifuata kisa chote, na hadi leo humtetea paka. Zamu yetu zikaja katuni za Kiingereza kitupu. Sisi tukicheka, yeye kimya pembeni na tasbihi yake. Hatukumtafsiria hata siku moja, na hilo linatuuma.

Mwaka 2014 ikaanza Ubongo Kids, hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Sasa kitukuu akichelewa kujibu, Bibi humtangulia kwa sauti, kisha hudai embe la mshindi.