Oksijeni katika uvimbe wa saratani baada ya mionzi

Kurudi kwa oksijeni katika uvimbe ni hali ambapo sehemu za uvimbe wa saratani zilizokosa oksijeni huanza kuipata baada ya tiba ya mionzi. Ni mojawapo ya sababu za mgonjwa kupewa mionzi kidogokidogo kwa wiki kadhaa badala ya mara moja.

Uvimbe hukua kuliko uwezo wa mishipa yake ya damu. Oksijeni inayotoka kwenye mishipa midogo hufika umbali wa takriban milimita 0.1 hadi 0.2 tu, kwa sababu seli za karibu huitumia njiani. Seli za mbali kabisa hufa, lakini zilizo mpakani hubaki hai kwa oksijeni kidogo sana. Thomlinson na Louis Harold Gray wa Uingereza walieleza jambo hilo mwaka 1955 baada ya kuchunguza saratani za mapafu. Kipimo cha dozi ya mionzi, yaani gray, kimepewa jina la huyo wa pili.

Mionzi huharibu DNA ya seli. Oksijeni ikiwepo, uharibifu huo hushikamana na seli hushindwa kuurekebisha. Seli isiyo na oksijeni huhitaji dozi kubwa mara 2.5 hadi 3 ili ife.

Mara baada ya dozi, seli nyingi zenye oksijeni huwa zimeuawa, hivyo karibu zote zilizo salama ni zile zilizoikosa. Baada ya saa au siku kadhaa hali hugeuka: walaji wa oksijeni wamepungua, uvimbe unanywea, na seli zilizobaki husogea karibu na mishipa. Mkulima wa mpunga wa Ubaruku, wilayani Mbarali, anaweza kulinganisha na majaruba: yale ya mwanzo wa mfereji yakiacha kunywa maji, ya mwisho nayo hupata. Dozi inayofuata huzikuta seli hizo zikiwa dhaifu mbele ya mionzi. Hata hivyo kasi hutofautiana kati ya uvimbe na uvimbe, na dozi kubwa mno inaweza kuharibu mishipa yenyewe na kupunguza oksijeni.

Nchini Tanzania jambo hili linagusa hasa saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Ubaruku, na mionzi ya nje ya ugonjwa huo kwa kawaida huchukua wiki tano hivi, siku tano kwa wiki. Ni muda mrefu kwa mtu aliyeacha shamba na watoto, na kuuliza kwa nini asimalize kwa siku moja ni haki yake. Pamoja na oksijeni, mgawanyo huo huipa tishu nzima nafasi ya kupona. Lakini kukatisha tiba katikati hakusaidii, kwani seli za saratani zilizobaki huzaliana upya. Hupendekezwa tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani, ikamilike ndani ya wiki nane.

Upungufu wa damu, ambao wagonjwa hao huupata kwa kutokwa damu, hupunguza oksijeni inayofika kwenye uvimbe, kwa hiyo himoglobini hupimwa kabla na wakati wa tiba. Uvutaji sigara nao huipunguza, maana kaboni monoksidi ya moshi hushika nafasi ya oksijeni katika damu.