Kutembea bure: historia ndogo ya miguu yetu

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, nilikuwa napanda kilima upande wa MGL, hapa Butembo. Mbingu ilikuwa imefungwa. Wingu lilishuka mpaka kwenye mikaratusi, na chini bondeni hukuweza kuona hata bati la nyumba moja. Mama mmoja, kitunga mgongoni na kamba kwenye kipaji cha uso, akasimama akanitazama toka viatu mpaka kofia.

"Jambo Mwalimu. Kilio kiko kwa nani?"

"Hakuna kilio, mama. Natembea tu."

"Unatembea tu, unaenda wapi?"

"Siendi popote. Mganga wa hospitali ameniambia nitembee, juu ya tansio."

Akacheka sana. Akasema kama ni hivyo nibebe kitunga chake mpaka sokoni, tansio itashuka mbio zaidi. Kisha akaenda zake, na mimi nikabaki na aibu kidogo, mtu mzima wa shule niliyeamka mapema kwenda mahali ambapo siendi.

Ndugu msomaji, swali la mama yule si la ujinga. Kwetu sisi Wanande (wengine wanapenda tuseme Wayira, na mimi sina ubishi nao) mtu akiwa njiani lazima awe na sababu. Anaenda shamba, soko, kilio, kanisa, au anakimbia. Nilipoanza kufuatilia jambo hili kwa wazee na katika vitabu, niliona kwamba sababu hiyo haikutoka katika desturi peke yake. Tumefundishwa kuitoa, na mara nyingine tumefundishwa kwa fimbo.

Tuanze na chumvi. Wazee wetu walitoka upande wa Kitara, katika Uganda ya leo, wakavuka mto Semliki polepole, ukoo kwa ukoo, wakapanda milima iliyo magharibi ya Ziwa Edward. Huko juu walipata udongo mzuri na baridi isiyo na mbu wengi. Lakini chumvi ilibaki nyuma, Katwe, ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mtu wa milimani alishuka na maharagwe yake au mbuzi wake, akapita bonde lenye joto na simba, akaenda mpaka kwenye ziwa la chumvi, akarudi na mzigo. Ilikuwa safari ya siku nyingi, na hakuna aliyeiendea peke yake. Walikwenda kwa kundi, wakalala kwa watu waliojuana nao.

Bonde lile lilikuwa na njia tangu zamani za zamani. Pale Ishango, ambapo Semliki inatoka ziwani, mwaka 1950 Mbeleji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo wenye alama zilizochongwa kwa mpango, na wataalamu wanaukadiria kuwa na miaka zaidi ya 20,000. Wanafunzi wangu wanaochukia hesabu huwa nawaambia: mmoja wa watu wa kwanza kujulikana kuhesabu duniani alikaa karibu na kwa bibi yenu.

Njia ya chumvi haikufa kwa sababu watu walichoka. Mwaka 1925 Wabeleji waliunda Pariki Albert, ndiyo Virunga ya leo, na miaka michache baadaye wakaiongeza mpaka kuchukua bonde la Semliki na upande wetu wa Ruwenzori. Katika miaka ya 1930 watu wa bondeni walihamishwa, na ugonjwa wa malale ndio uliotajwa. Malale ilikuwako kweli, siwezi kusema ni uongo. Lakini malale ilipopungua, bonde halikurudishwa. Mtu aliyepita pale alipopita baba yake akawa ni mwizi, na kulikuwa na mlinzi wa kumkamata.

Hata nje ya pariki, kutembea kulikuwa na sheria. Wakati wa Bula Matari mtu mweusi aliyetaka kutoka katika eneo la mwami wake kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kuwa na karatasi ya ruhusa. Bila karatasi alihesabiwa kama mzururaji, na mzururaji alikuwa na adhabu yake. Kwa hiyo lile swali, "Unaenda wapi?", liliulizwa kwanza na askari kabla ya kuulizwa na jirani. Babu zetu walijifunza kuwa na jibu mdomoni muda wote. Mimi nadhani, na hili ni wazo langu mwenyewe, kwamba tabia hiyo ilibaki ndani yetu hata karatasi zilipoisha mwaka 1960.

Kulikuwa pia na kutembea kwa lazima. Katika vita ya 1914 mpaka 1918 jeshi la Wabeleji lilichukua wapagazi zaidi ya 200,000 katika Kongo ili kubeba risasi na chakula kwenda kupigana na Wajerumani, na wengi hawakurudi. Baadaye zikaja kazi za barabara: kuchimba mlima kwa jembe na kusomba mawe kwa kitunga. Halafu vita ya pili, na siku za kazi za lazima kwa mwaka, ambazo zilikuwa 60, zikapanda mwaka 1942 hadi 120. Barabara hizo tunazilalamikia leo juu ya matope, lakini ni mara chache tunakumbuka kwamba waliozifungua hawakuwa na gari la kupitisha hapo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtembezi wa aina nyingine, na hapa nitakaa kidogo. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, ile iliyoachia mtaa wetu jina la MGL, ilikuwa na dhahabu yake Mangurejipa, ndani ya msitu, karibu kilomita 100 kutoka Butembo upande wa magharibi. Wafanyakazi walihitaji kula, na msitu hautoi maharagwe. Watu wa milimani wakaona nafasi. Babu alikuwa akibeba maharagwe kwenda, na kurudi na mafuta ya ngazi. Alitumia siku tatu kwenda, na siku tatu au nne kurudi kufuatana na mvua. Alituambia kwamba mlimani mzigo unaumiza magoti, msituni unaumiza roho, kwa sababu huoni jua na hujui umebakiza nini. Walikuwa na mawe yao ya kupumzikia, na kila jiwe lilikuwa na jina lake. Mimi nilisikia majina hayo nikiwa mtoto na sikuyaandika. Nilikuwa naona ni hadithi za wazee. Leo ningetoa mshahara wa mwezi (ukilipwa) nipate hata matatu tu.

Wafanyabiashara wengi ambao Butembo inajivuna nao walianza hivyo. Kabla ya makontena ya Dubai na Guangzhou kulikuwa na mtu na gunia kwenye kipaji cha uso. Baadaye likaja chukudu, ambalo ni miguu yenye magurudumu ya mti, na mwenye chukudu bado anatembea, hasa akipanda.

Je, hakukuwa na mtu aliyetembea bure? Walikuwako, lakini walikuwa wageni. Mwezi wa Juni 1889, msafara wa Stanley ulipopita katika bonde la Semliki ukiwa na Emin Pasha, mdogo wake wa kazi, Stairs, aliacha njia akapanda Ruwenzori kwa upande wetu, akafika zaidi ya mita 3,200, kisha akashuka. Hakwenda kununua wala kuuza. Mwaka 1932 Wabeleji walirudi na ujumbe wa Xavier de Grunne, wakapandia Mutwanga mpaka kwenye barafu, na mizigo ikabebwa na vijana wa mlima. Nawaza vijana wale jioni wakiulizwa na mama zao: mmekwenda wapi? Tumekwenda juu. Kufanya nini? Kuangalia, halafu tukarudi. Mzungu alikuwa anatembea bure, lakini chini ya mzigo wake kulikuwa na mtu anayefanya kazi.

Wakati wa Mobutu tulikuwa na salongo. Nilikuwa mtoto lakini nakumbuka: ukionekana barabarani saa ya salongo bila jembe, ueleze. Kisha vita vya 1996 na 1998, na miaka ya RCD iliyokuwa na makao yake Beni, ambapo ukionekana barabarani saa moja ya usiku, ueleze kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo hii tunayoita "spoti", kutembea au kukimbia asubuhi bila mzigo, ni kitu kipya sana katika miji yetu. Sijui kama watu wanaona ni kipya kiasi gani. Siku za Jumapili vijana wanapita kwa vikundi wakiimba, mapadri na wachungaji wanatembea na viatu vyeupe, wakubwa wa biashara ambao mganga amewaambia sukari imepanda wanazunguka kiwanja wakihema. Hao hao kuanzia Jumatatu hawagusi chini. Pikipiki zimekuwa nyingi kiasi kwamba mwanafunzi anayekaa kilomita moja na shule anaomba pesa ya moto, na babu yake alikwenda Mangurejipa! Nawaambia hivyo darasani, wanacheka, wananiita Mwalimu Mangurejipa.

Butembo ni mji mzuri kwa kutembea, hasa siku ya wingu. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, jua halikuchomi, na hakuna upande usio na kilima. Watu wa Ulaya katika mwezi huu wanaona majani yakianguka. Sisi majani yetu hayaanguki, ila karatusi inavua maganda, na udongo mwekundu unashika kiatu mpaka kila mguu uwe na kilo yake. Ukishuka mpaka kwenye Kimemi na kupanda tena ng'ambo, umefanya spoti ya kutosha kwa mtu wa umri wangu.

Beni ni jambo jingine. Ni kilomita 54 tu, lakini ni joto, chini, na asubuhi isiyo na wingu unaona Ruwenzori yote na theluji yake. Nina rafiki mwalimu kule, tulisoma pamoja. Zamani nikimtembelea tulikuwa tunatoka naye alfajiri kwa miguu, tunapita mashamba ya kakao na kahawa, tunarudi saa tatu kula ndizi. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza Ngadi, Eringeti na pande za Oicha, njia zile zilifungwa moja kwa moja. Tarehe 13 Agosti 2016 ikawa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Watu walioishi kwa shamba la mwendo wa saa mbili walibaki mjini wakitazama upande wa shamba. Wengine walikwenda kwa sababu ya njaa, na tukawazika.

Kisha Ebola, 2018 mpaka 2020, ilipoua zaidi ya watu 2,200 katika eneo letu na majirani. Njiani ulipimwa joto, ukanawa mikono, ukapita bila kumsalimu mtu kwa mkono. Rafiki yangu ananiambia kwamba wakati ule ndipo alianza kutembea ndani ya kiwanja cha nyumba yake. Anazunguka mara 40 kila asubuhi, toka kisima mpaka jikoni mpaka ukuta, na watoto wake wanamhesabia. Kijana wake wa mwisho ana miaka 13. Hajawahi kukanyaga shamba la babu yake, ambalo liko kilomita 9 kutoka nyumbani. Analijua kwa jina tu, kama mimi nilivyojua yale mawe. Na tangu 2024 mashambulizi yamefika mpaka pande za Mangurejipa. Njia ya babu yangu nayo sitaipita, hata kwa pikipiki.

Mwaka jana rafiki huyo alikuja Butembo kwa mambo ya familia, na huyo kijana. Asubuhi ilikuwa ya wingu kama ile niliyosimulia. Nikawaamsha, nikawaambia twende. Kijana akauliza kama kuna ruhusa. Baba yake akaniangalia, hakusema kitu. Tulishuka mpaka mtoni, tukapanda upande wa pili kati ya mikaratusi, kijana mbele, kila baada ya hatua kidogo akigeuka kuangalia kama tunafuata. Kwenye kona tulimkuta mwenye chukudu amekwama na magunia ya viazi, akatuuliza tunaenda wapi. Kijana akamjibu kwa sauti, kwa Kinande, kwamba hatuendi popote. Mwenye chukudu akasema basi tusukume. Tukasukuma mpaka juu, mvua ikaanza, tukajikinga chini ya baraza ya duka moja mpaka saa tatu.